Kabla ya Kumlaumu Mama, Uliza Jokofu



Leo siandiki kuhusu tume huru wala Katiba Mpya, ingawa mkisoma hadi mwisho mtaona sijaenda mbali na hayo. Leo naandika kuhusu jokofu la zahanati na kadi moja ya kliniki.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Newala. Dada yangu ana mtoto wa kiume, wakati huo miezi kumi kasoro siku chache. Jioni moja akaniambia, "Mdogo wangu, kesho nisindikize kliniki, huyu bado anadaiwa surua." Tukaondoka alfajiri, kilomita saba za mchanga, mguu kwa mguu, kwa sababu hela ya bodaboda ilishaingia kwenye salfa ya mikorosho. Mtoto mgongoni, kadi imefungwa kwenye kipande cha nailoni isije ikalowa umande.

Zahanati siitaji, maana tatizo si la zahanati moja. Tulikuta akina mama watatu wenye watoto wa umri ule, dada akawa wa nne. Nesi alikuwa peke yake siku hiyo. Akatoka, akasema kwa upole tu: "Wadogo zangu, chupa hii ni ya watoto kumi. Nikiifungua kwa hawa wanne, inayobaki naimwaga, na nyingine sijui italetwa lini. Rudini Alhamisi, mtakuwa wengi."

Dada hakubishana. Ilikuwa mara yake ya tatu. Mara ya kwanza aliambiwa chanjo imeisha. Mara ya pili aliambiwa jokofu limeishiwa gesi. Njiani tukirudi akaniambia maneno ambayo ndiyo yamenikalisha hapa niandike: "Halafu watakuja na spika zao kwenye mkutano, watuambie akina mama wa huku hatujui umuhimu wa chanjo."

Hoja yangu leo ni hiyo hiyo ya dada, nimeiongezea vifungu vya sheria tu. Mtoto akikosa chanjo, mtu wa kwanza kunyooshewa kidole ni mama: hana elimu, mzembe, ana imani potofu. Kidole hicho kinafaa kigeuzwe. Elimu ya mama ni jambo la kweli na nitalisema bila kumung'unya. Lakini elimu hiyo ni deni la serikali kwa mama, na serikali isiyolipa deni haina uso wa kumsuta anayeidai.

Akina mama wanajua nini

Darasani tunafundishwa kwamba usimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Basi siku zilizobaki nikasikiliza. Niliongea na akina mama kijijini kwetu, halafu nikashuka Masasi kwa shangazi yangu nikaongea na wengine. Huu si utafiti, msije mkanibana kwenye maoni mkidai sampuli. Ni maongezi ya kwenye foleni ya maji na chini ya mikorosho.

Wanajua mengi. Wanajua kwamba ile ya begani anayopewa mtoto akizaliwa inaacha kovu, na kovu lisipotokea wanauliza. Wanajua matone ya mdomoni ni ya polio, "ugonjwa wa kupooza". Wanajua kuna mahudhurio ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na kwamba kwenye miezi 9 kuna surua. Mama mmoja hajawahi kumaliza darasa la saba, lakini alinitajia tarehe za watoto wake wanne bila kuangalia kadi. Mimi tarehe za mitihani yangu mwenyewe nazisahau.

Wanachokosa pia kipo. Nitataja mambo matatu.

La kwanza, karibu wote niliowauliza walidhani safari inaishia miezi 9. Haiishii. Kwa ratiba ya taifa, dozi ya pili ya surua na rubela ni miezi 18, na ipo tangu 2014. Na si dozi ya mapambo. Katika kila watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, takriban 15 hawajengi kinga kwa dozi ile moja. Ndiyo maana kuna ya pili. Ukiacha miezi 18, umeacha mlango bila komeo.

La pili, wengi hawajui sindano ile inakinga nini. Wanaiita "sindano ya paja", basi. Hawajaambiwa kwamba sindano moja, ile iliyoanza kutolewa nchini 2009, imebeba kinga ya maradhi matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib wanaoleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Na hawajaambiwa kwamba mtoto kupata joto siku moja au mbili baada ya sindano ni kawaida. Hivyo mtoto akichemka usiku, mama anasema hii imemdhuru, na ya wiki ya 10 anaiogopa.

La tatu ndilo lililoniuma zaidi. Mama aliyechelewa anadhani ameshaharibu. Kumbe mtoto aliyechelewa haanzi upya, anaendelea pale alipoishia. Lakini mama mmoja, umri wangu kabisa, aliniambia: "Mwenzangu, nilikaa miezi miwili msimu wa korosho shambani. Nikajua nikienda nitasemwa mbele za watu. Nikaacha." Hapo amezuiwa na woga wa kuaibishwa, na woga huo alifundishwa na mtu.

Sasa tujiulize: mambo haya matatu yanahitaji shahada? Yanahitaji dakika kumi za maongezi, benchi la kukalia, na nesi ambaye hayuko peke yake akipima uzito, akiandika daftari, akizalisha na akichoma sindano kwa mpigo. Zamani asubuhi ya kliniki ilianza na somo, akina mama wakikaa pamoja na kuuliza. Siku niliyoenda na dada hapakuwa na somo. Palikuwa na foleni.

Nchi hii ilishawahi kufundisha

Asije mtu akasema haiwezekani. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya". Watu walikaa kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Walioshiriki walikadiriwa kuwa takriban milioni mbili, katika nchi ambayo wakati ule ilikuwa na watu wachache sana ukilinganisha na leo. Hawakutukanwa kwamba hawajui. Walifundishwa.

Na watu wa kwetu hawajawahi kuwa maadui wa sindano. Enzi za Mwingereza, hospitali za misheni upande wa Masasi zilijaa watu waliofuata sindano ya buba, kwa sababu waliona kwa macho yao vidonda vikikauka. Kuna daktari aliyefika Masasi mwaka 1935 akajenga hospitali Lulindi, Leader Stirling. Mwaka 1975 Mwalimu alimteua kuwa Waziri wa Afya, na mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka huo huo wa 1975. Waziri aliyekuwa ofisini mpango ukiwa mchanga alikuwa anaijua njia ya mchanga ya kwetu kwa miguu yake. Leo anayepanga bajeti ya gesi ya jokofu, njia hiyo anaijua?

Sheria inasemaje

Sasa niingie kwenye eneo langu.

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mzazi wajibu wa kumtunza mtoto: chakula, malazi, mavazi, na matibabu *pamoja na chanjo*. Chanjo imetajwa kwa jina. Kifungu cha 14 kinasema anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Soma tena. Dada yangu ambaye hela ya bodaboda hana, kisheria yuko hatarini kwa milioni tano asipompeleka mtoto. Sawa, alimpeleka. Mara tatu. Je, aliyeacha jokofu likazimika ana kifungu chake? Aliyeshindwa kuleta chupa mpya ana faini ya shilingi ngapi? Nimekisoma kifungu hicho juu mpaka chini, nikatafuta mahali ambapo mama anaweza kusema "nilifika, ninyi hamkuwepo". Sijapaona.

Nenda kwenye Katiba ya 1977. Ibara ya 11 inataja ugonjwa miongoni mwa hali ambazo mamlaka ya nchi inapaswa kumsaidia mwananchi. Maneno mazuri. Lakini ibara hiyo iko kwenye sehemu ambayo Ibara ya 7(2) inasema mahakama haina uwezo wa kuisimamia. Yaani ni ahadi ambayo huwezi kuidai mahakamani. Hapo ndipo jokofu la zahanati linapokutana na Katiba Mpya. Watu wanadhani tunaidai kwa ajili ya vyeo vya wanasiasa. Tunaidai ili mama aliyerudishwa mara tatu awe na mahali pa kusimama.

Kuna ibara moja inayotusaidia hata leo. Ibara ya 18(d) inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na masuala muhimu kwa jamii. Kama surua ya mtoto si suala muhimu kwa maisha, basi sijui ni lipi. Kwa hiyo mama asipojua kuhusu miezi 18, kuna mtu aliyepaswa kumwambia na hakumwambia.

Na tusisahau ni nani aliyetia shaka kwanza. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais wa nchi alisema hadharani kwamba chanjo hazifai. Siku chache baadaye Wizara ya Afya ikatangaza haina mpango wa kupokea chanjo ya korona. Takriban miezi sita baadaye, tarehe 28 Julai 2021, Rais mwingine akachanjwa mbele ya kamera. Chama ni kile kile, bunge ni lile lile, na mbunge wake mmoja alikuwa bado anahubiri kanisani kupinga chanjo hiyo. Mama wa Newala alisikia yote haya kwenye redio hiyo hiyo moja. Akikuuliza leo "sasa tumsikilize nani?", utamwita mjinga?

Sisemi hotuba moja ndiyo iliyoshusha chanjo za watoto. Korona yenyewe ilivuruga huduma, na upungufu wa dawa una sababu nyingi. Lakini takwimu za serikali yenyewe zinasema: utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta watoto watatu kati ya kila wanne wa miezi 12 hadi 23 wamekamilisha chanjo za msingi. Ule wa 2022 ukakuta ni zaidi kidogo ya nusu. Akina mama wote wa Tanzania hawakupoteza akili ndani ya miaka sita. Kuna kitu kingine kilichoharibika.

Kwa nini sisi wa mpakani tuwe macho

Februari 2022 Malawi ilitangaza mgonjwa wa polio ya mwituni. Mei mwaka huo ikaonekana Msumbiji, mkoa wa Tete. Serikali yetu ikaingia nyumba kwa nyumba na matone, na nitasema ukweli hata kama wao hawatuambii wetu: kazi ile ilifanyika vizuri. Wahudumu walifika hadi mashambani na makasha yao ya barafu mabegani. Ukisimama Newala unauona Ruvuma kule chini, na ng'ambo ni Msumbiji. Ndugu zetu wako pande zote mbili, wanavuka kwa mtumbwi kwenda msibani na harusini. Virusi havihitaji pasipoti.

Lakini angalia funzo lake. Mwaka ule, chanjo ilimfuata mama mlangoni, na mama alifungua mlango. Maana yake inawezekana. Sasa kwa nini kwa polio ya dharura wanafika hadi shambani, na kwa surua ya kila siku mama anaambiwa arudi Alhamisi? Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ya surua ifunguliwe hata akiwepo mtoto mmoja, kwa sababu mtoto aliyerudishwa huenda asirudi. Kumwaga dozi sita ni hasara, ndiyo. Kumzika mtoto ni hasara gani? Nesi wetu hakuwa mbaya. Alikuwa anabana kidogo alichonacho kwa kuwa hajui kingine kitakuja lini. Ubahili wake ulitengenezwa ngazi za juu.

Na sisi tujitazame

Wenzangu, hapa mtanuna kidogo. Mwaka 2021, na hata baada ya hapo, nimeona kwenye magrupu yetu wenyewe ya WhatsApp klipu zinazosema chanjo ya wasichana ya saratani ya mlango wa kizazi inaharibu uzazi. Imesambazwa na watu wanaojiita wapigania haki, eti kwa sababu chanjo "imeletwa na serikali". Huo si upinzani, jamani. Kupinga serikali ni kuidai chanjo ifike kwa wakati. Ukimtisha mama asiende, umeisaidia serikali kuficha jokofu bovu.

Na kaka zangu, sheria niliyoitaja haikusema "mama". Imesema mzazi. Siku ile kliniki sikuona mwanaume hata mmoja. Minada ikifunguliwa na malipo ya chama cha msingi yakiingia, pesa inapita mikononi mwa nani? Elfu tano ya bodaboda ya kliniki itoke hapo. Kadi ya mtoto si nguo ya kike, ukiisoma hutapungukiwa.

Tufanye nini

Moja. Ukiwa nyumbani, chukua kadi ya kila mtoto wa familia, isome, na mwambie mama yake mambo haya manne: kuna miezi 18, joto la siku moja au mbili ni kawaida, likizidi aende zahanati, mafua madogo si sababu ya kuahirisha chanjo, aliyechelewa aende tu, haanzi upya. Mwambie kwa heshima. Ameshasemwa vya kutosha.

Mbili. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Nenda. Simama uulize: ndani ya miezi mitatu hii, zahanati yetu ilikaa siku ngapi bila chanjo? Jokofu lilizima mara ngapi? Kliniki ya mkoba ilifika vitongoji vya mbali mara ngapi, hasa msimu wa korosho ambapo akina mama wanahamia mashambani? Swali liandikwe kwenye muhtasari.

Tatu. Wakikujibu kwa kejeli, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Andika barua kwa halmashauri, omba taarifa hizo hizo. Wana siku 30 za kukujibu. Mkikwama kuandika, niandikieni hapa chini, mimi na wenzangu wawili wa darasani tutawasaidia bure.

Nne. Madiwani wetu, tunawaomba mdai mstari wa gesi, matengenezo ya jokofu na posho ya kliniki ya mkoba usomeke peke yake kwenye bajeti ya halmashauri. Ukizikwa ndani ya "matumizi mengineyo" hatutauona ukikatwa. Mwaka 2007 tuliahidiwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata ndani ya miaka kumi. Miaka kumi ilipita zamani. Na pale zahanati ilipojengwa, ukuta hauchanji mtoto.

Mtauliza yule mpwa wangu aliishia wapi. Alhamisi dada alirudi, safari ya nne. Walikuwa watoto kumi na mmoja, chupa ikafunguliwa, akachomwa, akalia, tukarudi. Usiku alichemka kidogo, na dada hakushtuka kwa kuwa tulishaongea. Asubuhi alikuwa anakimbiza kuku kwa magoti.

Kadi yake sasa inasubiri miezi 18. Tarehe dada anaijua, na mimi nimeiweka kwenye simu. Ninachotaka kujua ni kama imeandikwa pia kwenye daftari la mtu anayepaswa kuleta gesi.